Mtoto Ndiye Kidhibiti Mwendo

Gari-nyumba, Mtoto Mchanga na Mfuko Mdogo: Sehemu ya Pili

Abiria wa matatu nchini Kenya wanakifahamu kidhibiti mwendo tangu Februari 2004, pale kanuni zilizobandikwa jina la waziri John Michuki zilipolazimisha magari ya abiria kufungwa kifaa kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Wazazi wa Kijerumani wanaosafiri na mtoto mchanga kwenye gari-nyumba hufungiwa kifaa cha namna hiyo bila kufika gereji. Kina umri wa miezi saba na meno mawili, na kikichoka kukaa kwenye kiti hulia mpaka gari lisimame.

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza gari lenyewe: chumba kilichojengwa juu ya fremu ya gari la mizigo, mara nyingi Fiat Ducato, chenye kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na choo. Leo zamu ni ya fedha. Wengi hudhani kwamba katika safari ya miezi mitatu, mtoto ndiye gharama kubwa. Hesabu inaonyesha kuwa yeye ndiye mweka hazina.

Kwanza, wazazi hao wanapata wapi muda? Tangu 2007 Ujerumani hulipa Elterngeld, yaani posho ya wazazi wanaobaki na mtoto. Kwa walio wengi ni kama asilimia 65 ya mshahara waliokuwa wakipeleka nyumbani, isiyopungua euro 300 wala kuzidi euro 1,800 kwa mwezi. Baba na mama wakigawana likizo, posho hufika miezi 14 kwa jumla. Kazi nayo hulindwa, kwani kila mzazi anaweza kudai likizo isiyo na mshahara ya hadi miaka mitatu, na mwajiri haruhusiwi kumfukuza kwa sababu hiyo. Mtanzania aliyezoea siku 84 za mama na siku tatu za baba, au Mkenya mwenye miezi mitatu ya mama na majuma mawili ya baba, anaweza kusoma aya hii mara mbili. Hajakosea kusoma.

Ukarimu huo ulizaa desturi. Kwa miaka mingi wazazi walichukua miezi miwili ya posho kwa pamoja, wakafunga nyumba na kushika njia ya Ureno au Skandinavia. Serikali ikaona kwamba miezi iliyokusudiwa kumpa baba nafasi ya kulea peke yake inageuka miezi ya utalii. Kwa watoto waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2024, wazazi kwa kawaida hupokea posho kamili kwa pamoja kwa mwezi mmoja tu ndani ya mwaka wa kwanza wa mtoto. Mlango uliobaki wazi ni ElterngeldPlus, iliyoanza 2015: posho nusu, lakini kwa muda mara mbili, na hiyo wanaweza kuipokea wote wawili kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama na baba wa Köln, kila mmoja akipeleka nyumbani euro 2,000 kwa mwezi kabla ya uzazi. Posho kamili ingekuwa euro 1,300. Nusu yake ni euro 650, na kwa watu wawili ni euro 1,300. Hapo huongezwa posho ya kila mtoto, iliyokuwa euro 255 kwa mwezi mwaka 2025. Jumla ni euro 1,555, na kodi ya nyumba inawasubiri Köln isipokuwa wampate mpangaji wa muda. Fedha hiyo haiwezi kukodi gari-nyumba, maana wakati wa kiangazi siku moja mara nyingi hupita euro 100. Ndiyo sababu wasafiri wa miezi mingi hununua gari kuukuu na kuliuza wakirudi.

Si jambo geni kwa Wajerumani kubeba familia hivi. Mwaka 1931, katika mji mdogo wa Isny, Arist Dethleffs, aliyekuwa akiuza mijeledi na fimbo za kuteleza kwenye theluji, alichoka kumwacha nyuma mpenzi wake, Fridel Edelmann, mchoraji wa mandhari. Akajenga kibanda cha kukokotwa na gari ili aende naye, Fridel achore wakati yeye anauza. Kibanda hicho kinahesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake Ujerumani, na kiwanda cha Isny bado kinatengeneza nyumba za magurudumu. Mijeledi imesahauliwa.

Sasa barabarani. Madaktari wa watoto na watengenezaji wa viti vya watoto wanashauri mtoto mchanga asikae kwenye kiti cha gari zaidi ya saa mbili mfululizo. Kiti humkunja, kichwa huweza kuinamia kifua na pumzi ikabanwa. Wazazi wengi wenye safari ndefu huligeuza shauri hilo kuwa kipimo cha siku nzima: saa mbili za kuendesha, zikiangukia usingizi wa asubuhi, basi. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 70 kwa saa, hizo ni kilomita 140 kwa siku.

Kutoka Köln hadi pwani ya Algarve, kusini mwa Ureno, ni takriban kilomita 2,400. Gari-nyumba hunywa kama lita 11 za dizeli kwa kilomita 100, kwa hiyo safari hiyo inataka lita 264, na dizeli ikiuzwa euro 1.70 kwa lita, gharama ni kama euro 450. Vijana wawili wasio na mtoto watazimaliza kilomita hizo kwa siku tatu: euro 150 kwa siku, kabla ya tozo za barabara kuu za Ufaransa. Familia ya Köln itaendesha siku 17, na ikipumzika siku moja kila baada ya siku mbili, itatumia siku 25. Dizeli ni ileile, ila imegawanywa kwa siku 25: euro 18 kwa siku.

Tena huenda isiwe ileile kabisa. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Gari lenye kipaji kipana kama kabati likitoka kilomita 90 hadi 120 kwa saa, upinzani huongezeka kwa karibu asilimia 80. Asiye na haraka haoni hasara kupita barabara za kawaida zisizo na tozo, kijiji baada ya kijiji, kwenye mkate wa moto na kivuli cha kusimama.

Kivuli cha kulala kina sheria zake, na hapo ndipo mgeni huumia. Nchini Ujerumani dereva anaruhusiwa kulala usiku mmoja kwenye maegesho ya kawaida ili arudishe nguvu za kuendesha. Hispania hutofautisha kuegesha na kupiga kambi: magurudumu tu ndiyo yaguse ardhi. Ukiteremsha miguu ya kusawazisha gari, ukikunjua turubai au kutoa viti, tayari umepiga kambi na faini inakuhusu. Beseni la kumwogeshea mtoto likiwekwa nje juani linaingia kwenye kundi hilohilo, jambo ambalo mama wa Kiafrika atashindwa kulielewa. Ureno ilipiga marufuku kali Januari 2021, kisha mwezi Agosti mwaka huo ikalegeza: nje ya hifadhi na maeneo ya pwani yanayolindwa, gari linaweza kulala saa 48 katika wilaya moja. Ufaransa ndiyo yenye moyo mkunjufu. Halmashauri nyingi zimetenga viwanja vya magari-nyumba, vya bure au vya euro chache, vyenye bomba la maji na shimo la kumwagia choo. Tena tangu 1993 upo mpango wa France Passion, ambapo wakulima na wakamua zabibu huwapokea wanachama kwa saa 24 bila malipo. Hulazimiki kununua chochote, ingawa jibini ya mwenyeji ikishapita mezani ni wachache wanaoondoka mikono mitupu.

Jambo moja halina nafasi ya ubahili: kiti cha mtoto. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 8 aliyepakatwa huwa mzigo wa zaidi ya kilo 100 mikononi mwa mama, na hakuna mikono ya kuushika. Kitanda cha nyuma, ambacho humtamanisha kila mzazi aliyechoka, ni cha gari lililosimama. Kwa viti vinavyofuata kanuni ya kimataifa R129, mtoto hutazama nyuma mpaka atimize angalau miezi 15. Kiti hicho kikiwekwa mbele karibu na dereva, mfuko wa hewa wa upande huo lazima uzimwe.

Magari-nyumba ya zamani yana mtego hapa. Baadhi yana makochi yanayotazama ubavuni, na hapo kiti cha mtoto hakifungwi kamwe. Mengine yana mkanda wa kiunoni tu wakati kiti kinadai mkanda wa ncha tatu. Hata kochi lenye mkanda kamili huweza kuwa na sanduku la mizigo chini ya sakafu. Kiti chenye mguu wa kuegemea kikisimama juu ya mfuniko wa sanduku hilo, gari likigongwa mguu unatumbukia. Mnunuzi mwerevu huenda kulitazama gari na kiti mkononi, hakubali maneno.

Uzito nao una mahakama yake. Leseni ya kawaida ya daraja B huruhusu gari la hadi kilo 3,500. Gari-nyumba lenye dereva, maji na gesi mara nyingi limeshafika kilo 3,000 au zaidi. Kilichobaki ni cha mama, mtoto, kigari chake, chakula, baiskeli na ile katoni ya pampasi inayochukua nafasi ya kabati zima. Wazoefu hununua pampasi njiani, maana supamaketi zipo hadi Algarve, nao humwaga maji taka kila wapatapo shimo. Lita moja ya maji ni kilo moja, hata yakiwa machafu.

Tangi la maji safi huwa la kama lita 100, na familia yenye mtoto hulimaliza kwa siku mbili au tatu. Anayenyonyesha anabeba jiko lake kifuani, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo. Anayetumia maziwa ya kopo asitegemee maji ya tangi. Achemshe maji salama na kuyakorogea unga yakiwa na joto lisilopungua nyuzi 70, kwa kuwa unga wenyewe hauna hakika ya kukosa vijidudu. Nguo? Ufaransa na Ureno zina mashine za kufulia zinazosimama nje kwenye maegesho ya supamaketi, zikila sarafu mvua na jua. Kilo 18 za nguo kwa mkupuo mmoja, wakati mtoto analala hatua tatu kutoka hapo.

Baridi ya usiku ndiyo inayohitaji akili zaidi. Mtungi wa butani huzubaa hewa ikikaribia nyuzi sifuri, hivyo wasafiri wa majira ya baridi hujaza propani, inayoendelea kutoa gesi hata kwenye barafu kali. Jiko la kupikia lisiwashwe kupasha chumba. Msomaji anajua habari za majiko ya mkaa yaliyoingizwa vyumbani msimu wa baridi na familia zisiamke. Kaboni monoksidi haichagui nchi. Matundu ya hewa hayazibwi, kengele ya gesi hiyo hutundikwa, na mtoto hulala chali kwenye kitanda chake kigumu, akiwa ndani ya mfuko wa kulalia badala ya mablanketi. Mchana hatari hugeuka upande: gari lililofungwa juani huweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10. Mtoto haachwi humo, hata kwa safari ya kununua mkate.

Wapo waliofika mbali zaidi ya posho yoyote. Waajentina Herman na Candelaria Zapp waliondoka Buenos Aires Januari 2000 kwa gari la Graham-Paige la 1928, wakikusudia kufika Alaska kwa miezi sita. Walirudi Machi 2022 wakiwa na watoto wanne: mmoja amezaliwa Marekani, mmoja Argentina, mmoja Kanada na mmoja Australia. Walipita nchi 102 na kilomita zipatazo 362,000, Afrika ikiwemo. Fedha zilipokwisha, Candelaria alichora picha na Herman akazitia fremu; baadaye wakaishi kwa kuuza kitabu chao na kulala kwa wenyeji waliowakaribisha. Familia ilipoongezeka, walilikata gari katikati wakalirefusha. Gari lenyewe halikuweza kukimbia, na labda hilo ndilo lililowavusha: anayepita taratibu huonekana, na anayeonekana huitwa ndani.

Familia ya Köln haina miaka 22. Ina kijitabu cha manjano, ndugu wa kadi ya kliniki ya kwetu, kinachotolewa kwa kila mtoto Ujerumani. Uchunguzi wa tano, U5, hufanywa mtoto akiwa na miezi sita au saba; wa sita, U6, kati ya miezi 10 na 12, na dozi ya tatu ya chanjo kuu pamoja na ile ya surua hufika mwezi wa 11. Kati ya mihuri hiyo miwili kuna dirisha la miezi mitatu au minne, na wengi huondoka U5 ikishapigwa muhuri. Mtoto huanza safari akiwa hajui kutambaa na huikaribia tarehe ya kurudi akivuta waya za redio kutoka chini ya kiti cha dereva.

Wiki ijayo: unyevu uliojificha nyuma ya kabati, na jinsi ya kuugundua kabla ya kulipa.