EMBE NA MCHICHA: KIPI KINA FAIDA ZAIDI MWILINI?



Katika kurasa hizi aghalabu twazungumza habari za miche, majamvi na ukavu wa karafuu. Leo twaomba ruhusa tuingie jikoni. Mashambani kwetu kuna ubishi wa siku nyingi: wengine wasema embe ndiyo yenye afya, na mchicha ni mboga ya mtu aliyekosa samaki, wengine wasema embe ni utamu mtupu, nguvu zimo katika majani. Jambo hili si la mzaha. Wanaoumia kwa kutolijua ni wanawake na watoto wa nyumba zetu, na huumia zaidi wakati ule ule tunaopata fedha, yaani msimu wa kuchuma.

Tuanze na hesabu. Chukua gramu 100 za nyama ya embe mbivu, bila ya ganda wala kokwa, na gramu 100 za mchicha uliokwisha kupikwa kwa maji matupu. Embe ina vitamini C kiasi cha miligramu 36. Mchicha uliopikwa upesi na kwa uangalifu waweza kuwa na kiasi kama hicho au kuzidi kidogo, kwa hiyo hapo wamekwenda sare. Katika madini ya chuma embe haifiki hata robo ya miligramu 1, na mchicha una zaidi ya miligramu 2, yaani umeishinda embe zaidi ya mara kumi. Chokaa, ile inayojenga mifupa na meno, embe ina miligramu 11 na mchicha hufika kama 200. Vitamini A, yenye kulinda macho, mchicha una zaidi ya mara mbili. Embe huongoza kwa sukari, gramu 14 hivi, na kwa hiyo humpa mtu nguvu ya kazi zaidi. Mwenye maradhi ya kisukari akumbuke hayo anapokaa na kisu mbele ya dodo kubwa, kwani dodo moja hupita gramu 100 kwa mbali.

Mtu akiishia hapo atasema mchicha umeshinda, tufunge mazungumzo. Lakini tumbo lina hesabu yake. Si kila kilichomo sahanini huingia katika damu.

Chokaa ya mchicha, kwa mfano, nyingi imeshikwa na asidi iitwayo oksaliki iliyomo ndani ya majani, nayo hutoka mwilini bila ya kutumika. Vitamini A ya mchicha nayo iko katika hali ya karotini, na karotini ya majani ni ngumu kutoka kuliko ile ya embe mbivu. Tena karotini yataka mafuta ndipo mwili uipokee. Bibi zetu waliopika mchicha kwa tui la nazi hawakusoma kitabu, lakini chakula chao kilikuwa bora kuliko mchicha wa maji na chumvi tunaoupika tukiwa na haraka.

Lililo kubwa zaidi ni chuma. (Chuma hiki ni madini, si kuchuma karafuu, ingawa mwenye kukikosa hata kuchuma hawezi.) Damu haiwezi kubeba hewa safi mwilini bila ya chuma. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huhitaji zaidi ya mara mbili ya anachohitaji mwanamume, na mja mzito huzidi hapo. Akipungukiwa huchoka upesi, huona kizunguzungu, na ukimtazama ndani ya kope utaona weupe mahali palipotakiwa wekundu. Sasa, chuma cha majani si kama cha nyama au samaki. Mwili hupokea sehemu ndogo tu. Kinachokisaidia kupita ni vitamini C, ambayo hukigeuza kikawa katika hali iliyo rahisi kupokelewa. Na vitamini C ya embe haijapita motoni, kwa hiyo humfikia mlaji nzima.

Basi embe ni msaidizi wa mchicha, kwa sharti kwamba viliwe katika mlo mmoja. Mchicha wa mchana hausaidiwi na embe ya usiku. Watoto wetu wengi hula embe asubuhi juu ya mti, wakaja mchana wakala wali na mchicha, na faida ya kuvikutanisha ikapotea.

Kisha chai. Sisi ni watu wa chai, wala hatusemi iachwe. Lakini chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula, au mara tu baada yake, hukishika chuma na kukizuia kupita. Ingoje saa moja au zaidi.

Tazama sasa hali ya msimu. Wachumaji wako juu ya mikarafuu tangu alfajiri, na wanawake huchambua makonyo hata usiku. Hakuna wa kwenda kuchuma mboga. Chakula huwa muhogo na chai, au mkate na chai, na fedha zikiingia watu hununulia watoto soda na matufaha ya kutoka ng'ambo, kwa kudhani cha dukani ndicho chenye heshima. Gramu 100 za tufaha hilo hazina hata miligramu 5 za vitamini C! Embe iliyoanguka mlangoni bure imelizidi mara saba.

Embe zikiwa hazipo, papai ladumu karibu mwaka mzima na vitamini C yake huipita embe. Pera laipita zaidi, kwani lina miligramu zaidi ya 200. Hata ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha baada ya kuuepua yafaa.

Katika kupika, osha majani kabla ya kuyakata, tia maji machache hata yasibakie ya kumwaga, funika, na epua yakiwa bado ya kijani. Maji tunayomwaga huondoka na vitamini.

Lakini asidanganyike mtu. Upungufu mkubwa wa damu hautibiwi kwa embe na mchicha. Malaria na safura hupunguza damu kuliko chakula kinavyoweza kuirudisha, na mwenye dalili tulizozitaja aende kituo cha afya. Mja mzito ale vidonge vya chuma anavyopewa kliniki, hata akiwa na bustani nzima ya mchicha.

Kwa anayetaka kupanda: mchicha hauupendi uvuli wa mikarafuu. Utafutie pengo palipokufa mti, au pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagikia. Changanya samadi iliyooza, mwaga mbegu juu juu, na baada ya wiki tatu au nne utaanza kung'oa. Panda tuta jingine kila baada ya wiki mbili, ukianza kabla ya karafuu kuwa tayari, ili mboga iwepo siku ambazo hakuna mwenye nafasi ya kuitafuta. Miche miwili mitatu iliyonenepa iache itoe mbegu za mwaka ujao.