Bodi ya tatu imenyamaza

Ukisimama mdomoni mwa duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu, kule Nyarugusu, ya chini huyaoni, unategemea sauti. Aliye chini kabisa akiita "vuta!", wa katikati anaipokea na kumrushia wa juu yake, mpaka imfikie mwenye winchi. Wa katikati akinyamaza, mwenye winchi hasikii kitu, ingawa walio chini ni wazima na wanaita.

Picha hiyo ilinijia Katoro, kwenye banda la fundi umeme, jirani na makarasha ya kusaga mawe yasiyolala. Mbele yake palikuwa na betri kubwa ya lithiamu ya kuhifadhi umeme wa jua: seli 48 zilizoungwa mfululizo, kila moja volti 3.2, jumla volti 153 na ushee. Umeme wa namna hiyo hauchezewi. Fundi alivua saa na pete, akavaa glavu, ndipo akafungua kifuniko.

Ndani mna bodi nne, kila moja na seli zake 12. Kwenye kila bodi kuna chipu, LTC6811 ya kampuni ya Analog Devices, inayopima volti ya seli mojamoja kwa kosa lisilozidi milivolti 1.2. Chipu hizi hazina kila moja waya wake wa kwenda kwenye bodi kuu inayoisimamia betri. Zimeungwa mnyororo kwa jozi za waya zilizosokotwa: amri inapanda kutoka chipu hadi chipu, majibu yanashuka kwa njia ileile.

Bodi ya kwanza na ya pili zinajibu. Ya tatu na ya nne, kwenye skrini ni FF, FF, FF. Hicho si kipimo cha seli. Ni waya ambao hakuna anayezungumza ndani yake. Kijana anayejifunza kazi akashauri zinunuliwe bodi mbili mpya.

"Subiri, mdogo wangu," fundi akamwambia. "Huyo wa nne umeshamhukumu na hujamsikiliza. Tuanze na wa tatu."

Chipu hizi hupata umeme kwenye seli zilezile zinazozilinda, kwa hiyo inayodhaniwa imekatika mawasiliano huenda imekosa umeme tu. Fundi akapima bodi ya tatu: volti 39 zinafika kutoka kwenye seli. Akahamia kwenye transista ndogo inayozishusha hadi 5, ambazo ndizo chipu inazitumia kuzungumza. Mita ikasoma 1.8. Akaugandamiza mguu wa transista kwa kijiti cha plastiki, mita ikapanda hadi 5, alipoachia, ikaanguka. Solda ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kwa mtikisiko wa makarasha usiku na mchana, sikushangaa. Akachomoa plagi za seli, akapiga solda upya, akarudisha plagi. Bodi ya tatu ikajibu, na ya nne nayo, ambayo haikuwahi kuugua.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu, nao umewagharimu watu waya mpya bure. Chipu hizi zisipopata amri kwa takriban sekunde 2, hulala ili zisiinyonye betri. Za juu huamshwa na jirani zao, na kila moja inahitaji muda kidogo. Programu yenye haraka huuliza kabla wa mwisho hajaamka, ikapata FF. Dalili yake ni kwamba ukiuliza mara ya pili, anajibu. Iliyokosa umeme haijibu hata ukiuliza mara kumi. Dawa ya iliyolala ni kutuma ishara ya kuamsha, kusubiri, kisha kuuliza.

Linaloniuma ni wale wanaoamua kuuruka ulinzi wote ili mashine iwake leo. Bodi kuu inapokata umeme kwa sababu chipu moja imenyamaza, inafanya kazi yake. Seli ya aina hii ikichajiwa kupita volti 3.65 bila wa kuipima, huvimba, na inaweza kutoa moshi na hata kuwaka. Mabanda ya Katoro yamebanana. Somo hili la kupima kabla ya kuhukumu ningependa lifike kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, mezani, mita ikiwa mkononi mwa mwanafunzi.

Fundi aliubandika ule mguu wa transista kwa tone la silikoni, akafunga kifuniko, na kwa kalamu nene akaandika juu yake tarehe na maneno mawili: "3, solda."