Kupokezana Sauti kwa Umeme Mchache

Mwanachama mwenye shamba bondeni aijua taabu hii. Apanda kilima ili simu yake ishike, na kabla ya jioni chaji imekwisha. Mara nyingi si ubovu wa simu. Iliyo mbali na mnara hupaza sauti, na kupaza sauti ni kula chaji.

Mahali peupe, umbali ukiwa mara 2, nguvu itakiwayo huwa mara 4; penye miti na vilima yaweza kufika mara 16. Ukiweka kituo cha kupokezana katikati ya vilima hivyo, kila upande wataka sehemu moja ya 16 tu, na jumla ya pande mbili ni thumuni ya nguvu za kwanza. Edward van der Meulen aliandika habari za kupokezana namna hii mwaka 1971, na Thomas Cover na Abbas El Gamal wakaendeleza hesabu yake mwaka 1979.

Lakini si kila mahali pafaapo kituo. Tazameni ng'ambo, Mkoa wa Tanga, kwenye kata mbili ziitwazo Kwamsisi: moja mjini Korogwe, nyingine Handeni, shamba. Mtu wa mjini aliye chini ya mnara hana haja ya mpokezi. Mpokezi naye hula umeme hata akinyamaza, tena neno lipitalo kwake huchukua zamu mbili. Kwa mtu wa shamba aliye nyuma ya kilima, gharama hiyo yalipa.

Kisha umeme wenyewe ugawanywe vipi? Wafikirini wapagazi wawili wa karafuu. Wa kwanza akileta pishi kumi na wa pili akaweza tano tu, tano zitalala njiani, na jasho la wa kwanza limepotea. Ndivyo mawimbi yalivyo: nguvu ya ziada hupewa upande ulio dhaifu, wala si ule uendao vizuri.

Mwaka 2023 serikali ya Tanzania, kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia sahihi mikataba ya minara 758 katika kata 713. Ni jambo la kushukuriwa. Ila mnara usiofikiwa na nguzo za umeme huendeshwa kwa dizeli au jua, na mafuta ya kupelekwa shamba masika yana bei yake.

Hapo ndipo penye ugumu, nasi twaona hausemwi vya kutosha. Aliye karibu ni rahisi kuhudumiwa. Mashine ikiambiwa iokoe umeme tu, itampa yeye zamu zote, na wa mbali atabaki kimya, naye ndiye aliyewekewa mnara. Kwa hiyo mafundi huweka kwanza kiasi ambacho kila mtu hana budi kupata, hata aliye nyuma ya kilima. Baada ya hapo ndipo huanza kuhesabu akiba.