Dawa iliyo ndani ya gome la mweria

Wanaume wengi waliopita miaka 50 wanaijua shida hii: kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, mkojo wenyewe ukitoka kwa kukatikakatika. Tezi dume imetanuka, inabana njia. Huku Timau, chini ya Mlima Kenya, ushauri hauchelewi: tafuta gome la mweria, chemsha, unywe. Wakikuyu huuita mti huo muiri. Kitaalamu ni Prunus africana, ndugu wa mpichi na mplamu.

Gome la nje ni jeusi, limepasukapasuka vipande vya mraba. Hilo limekwisha kufa, kazi yake ni kinga tu. Likwangue, utakuta tabaka bichi la hudhurungi lenye harufu ya lozi chungu. Harufu hiyo ni ya benzaldehidi, inayotoka mti ukijeruhiwa, na hufuatana na sianidi. Gome hili si la kunywa kiholela.

Dawa yenyewe imo humo ndani: fitosteroli, hasa beta-sitosteroli, ambazo hutuliza uvimbe; triterpeni kama asidi ya ursoliki; na esta za asidi ya feruliki. Nyingi zina tabia ya mafuta, haziyeyuki majini ila kwa shida, ndiyo maana viwanda huzikamua kwa viyeyusho maalumu. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2002, yaliyokusanya majaribio 18 na wanaume 1,562, yalipima dawa iliyokamuliwa hivyo: safari za usiku zilipungua kwa asilimia 19, ingawa majaribio yalikuwa ya muda mfupi. Maji ya sufuria ni kitu kingine kabisa. Tena saratani ya tezi dume yaweza kuleta dalili hizi hizi, kwa hiyo mzee apimwe hospitalini kwanza.

Kinachonisikitisha ni kwamba tabaka hilo la dawa ndilo linaloshusha sukari kutoka majanini hadi mizizini. Ukilichuna kulizunguka shina lote, mizizi hufa njaa na mti hukauka umesimama. Kule Cameroon wachunaji hufundishwa kuchukua robo mbili tu za shina zinazotazamana, bila kugusa kambiumu, yaani tabaka la chini linalozaa gome, ili gome liote tena. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1995. Mwenye shamba naye aweza kuupanda, ila mbegu zake hazikai: akiziokota, azisie mapema.