Ngozi Iliyolegea Si Aibu

Mama mmoja wa hapa Shirimatunda alikuwa mnene sana, na daktari akamwonya juu ya kisukari. Kwa muda wa miaka miwili alijizuia na sukari na mafuta, akatembea kwa miguu kila siku, hata uzito ukampungua. Lakini badala ya pongezi alisikia minong'ono: "Ana ugonjwa gani?" Maana kwetu unene bado huhesabiwa kuwa neema. Tena ngozi ya tumbo na ya mikono ikawa inaning'inia, akaona haya hata mbele ya mumewe. Alimwambia mke wangu, "Heri ninenepe tena."

Ndugu wasomaji, yafaa tufahamu sababu ya jambo hili. Ndani ya ngozi mna nyuzi zinazoiwezesha kunyumbuka na kurudi. Ikivutwa miaka mingi, nyuzi hizo hukatika. Basi mafuta yaliyo chini yake yakiondoka, ngozi hukosa nguvu ya kujikusanya. Umri na uvutaji wa sigara huzidisha hali hiyo. Hata waliopungua sana kwa puto linalotiwa tumboni, kama ifanywavyo katika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, huweza kupatwa nayo. Ngozi hiyo ni alama ya mzigo uliokwisha kutuliwa. Kunenepa tena ni kujitwika upya mzigo ule, na hatari ya kisukari pamoja nao.

Mafuta ya kupaka hayaiondoi, msipoteze fedha. Lililo lazima ni usafi, kwa kuwa jasho hukaa katika mikunjo, fangasi wakaota, vidonda vikatoka. Ioshwe kila siku na kukaushwa vizuri. Na katika kuoga janaba, sharti mikunjo ifunuliwe ili maji yafike.

Vidonda visipopona, aende kwa daktari. Hapa Moshi tunayo hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye kliniki ya magonjwa ya ngozi. Ngozi iliyozidi huweza kukatwa kwa upasuaji, lakini makovu hubaki, na madaktari hutaka kwanza uzito utulie kwa miezi kadhaa. Kuondoa madhara ni matibabu, wala hapana lawama.

Na sisi jirani tukumbuke Sura Al-Hujurat, aya ya 11, inayotukataza kudharauliana. Mume na amsifu mkewe kwa subira yake, na watoto wasicheke. Mama yule hakunenepa tena; yatupasa tumsaidie asijute.