Usiuze kampuni yako kwa njemke

Na Mwandishi Wetu

Kyela hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya njemke. Mkulima amebanwa na shida. Ada ya mtoto imefika au kuna msiba nyumbani. Kakao yake ingali mtini, au ndiyo kwanza imepasuliwa na punje bado mbichi. Anatokea mtu mwenye fedha taslimu mkononi. Bei inapangwa siku hiyo hiyo, na anayeipanga ni mwenye fedha. Kakao inapokauka na kufika mnadani, mwenye shamba anaisikia bei redioni kama msikilizaji mwingine yeyote.

Viongozi wa serikali na wa ushirika wameupiga vita mtindo huu kwa muda mrefu. Hata hivyo, njemke ina ndugu yake ambaye bado hajapigiwa kelele. Huyu hukaa nyuma ya meza yenye kitambaa, pamoja na wenzake watatu au wanne, wakiitwa jopo la majaji. Mbele yao husimama kijana mwenye kampuni changa. Hupewa dakika chache aeleze biashara yake, kisha aseme anataka shilingi ngapi na atatoa hisa kiasi gani.

Wiki hii ukurasa huu unaziacha bei za magunia na kulitazama soko hilo jingine. Sababu ni kwamba ukanda wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Kasumulu hadi Matema, una bidhaa zinazoweza kusimama mbele ya jopo lolote: mchele wenye harufu, kakao, mawese, usipa na vyungu vya Wakisi. Tatizo ni hesabu ambayo mwenye bidhaa huenda nayo.

MCHEZO ULIKOTOKA

Mashindano haya kwa sura tunayoijua yalianzia katika televisheni ya Japani mwaka 2001. Uingereza iliyachukua mwaka 2005 kwa jina la Dragons' Den, na Marekani mwaka 2009 kwa jina la Shark Tank. Kenya ilifuata mwaka 2016 na KCB Lions' Den, ambako wafanyabiashara wenye fedha zao wenyewe, miongoni mwao Darshan Chandaria, Wandia Gichuru na Kris Senanu, waliketi kuwasikiliza wenye kampuni ndogo.

Hapa nyumbani shirika la Femina Hip lilirusha kipindi cha Ruka Juu mwaka 2011, kikiwashindanisha vijana wajasiriamali. Mwaka 2019 yakaanza mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU. Mwaka 2023 benki ya CRDB, kupitia taasisi yake, ilianzisha programu ya Imbeju ya mitaji kwa vijana na wanawake.

Msomaji asiyaone haya yote kuwa kitu kimoja. Kwa mtazamaji yanafanana, lakini fedha zake hazifanani.

FEDHA ZA AINA TATU

Ya kwanza ni zawadi. Mtanzania Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa Arusha, alishinda tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, akapata pauni 25,000. Mwaka 2022 Elia Timotheo, ambaye kampuni yake ya East Africa Fruits hukusanya mazao kwa wakulima na kuyafikisha kwa wauzaji wa mijini, aliibuka wa kwanza katika shindano la Africa's Business Heroes na kuzawadiwa dola 300,000. Zawadi ya namna hii haimwachii mtoaji umiliki wa biashara. Mshindi hurudi nyumbani na kampuni yake ikiwa nzima.

Ya pili ni mkopo. Hapa zimo benki, na pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya vikundi: wanawake 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba. Kamati inayokagua maombi nayo ni jopo la majaji, ingawa haina kamera.

Ya tatu ni fedha ya hisa. Hii hairudishwi kwa marejesho ya kila mwezi, na ndiyo maana huwavutia vijana wengi. Lakini mwenye kuitoa anakuwa mwenye mali pamoja nawe, kwa miaka yote ambayo kampuni itaishi. Hapo ndipo njemke hupenya.

HESABU YA MFANO

Tuchukue mfano. Kijana wa Ipinda anakoboa na kufungasha mchele wa Kyela katika mifuko ya kilo 5. Faida yake kwa mwaka, baada ya kutoa gharama zote, ni Sh milioni 6. Anahitaji Sh milioni 10 anunue mashine ya kuondoa mawe na kupanga madaraja. Anaamini kuwa akiipata, faida itafika Sh milioni 15.

Anasimama mbele ya majaji na kutaka Sh milioni 10 kwa asilimia 10 ya kampuni. Bila kujua, amesema kampuni yake ina thamani ya Sh milioni 100. Jaji anapiga hesabu: kwa faida ya sasa, asilimia 10 ni Sh 600,000 kwa mwaka, hivyo fedha yake itarudi baada ya zaidi ya miaka 16. Anatikisa kichwa.

Jaji mwingine anasema, "Nakupa zote, nipe asilimia 40." Kijana, akiona muda unakwisha na wenzake wanamtazama, anakubali na watu wanapiga makofi.

Sasa tuhesabu kwa faida ya Sh milioni 15, tukidhani kuwa yote inagawanywa. Asilimia 40 ni Sh milioni 6 kila mwaka. Fedha ya jaji imerudi ndani ya mwaka mmoja na miezi 8. Baada ya miaka 5 amechukua Sh milioni 30, na bado ana asilimia 40 yake. Kwa asilimia 20 angepata Sh milioni 3 kwa mwaka, na mtaji wake ungerudi katika miaka mitatu na miezi minne. Kwa biashara inayokwenda vizuri, hayo si malipo ya kumnung'unisha mtu.

Linganisha na mkopo. Sh milioni 10 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka haziwezi kumgharimu riba ya zaidi ya Sh milioni 1.8 katika mwaka wa kwanza, na mkopo ukishalipwa umekwisha. Ila mkopo hulipwa hata mashine ikiharibika au mafuriko yakiingia ghalani, na mwenye hisa hupata hasara pamoja nawe. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli kati ya hizo mbili, na hisa inapaswa kutolewa kwa kuangalia hilo, si kwa kutishwa na saa ya ukutani.

KAUSHA KWANZA

Mkulima anayekwepa njemke huvundika kakao yake kwa siku kadhaa, kisha huianika mpaka ikauke. Punje mbichi kilo tatu zinaweza kubaki kilo moja tu au zaidi kidogo, lakini hiyo moja ndiyo inayokubalika ghalani na kushindaniwa na wanunuzi. Anaongeza thamani kwa kazi na kwa subira, kabla hajaita bei.

Kampuni nayo ina kuvundikwa na kuanikwa kwake. Kuisajili BRELA ni hatua ya kwanza. Kupata alama ya ubora ya TBS ni nyingine, na ofisi za SIDO huwasaidia wenye viwanda vidogo katika njia hiyo. Kuweka daftari la mauzo la msimu mzima, kupata oda ya maandishi kutoka duka la Mbeya au Dar es Salaam, kukodi mashine kwanza kabla ya kununua; kila moja ya hizi humwezesha kijana wetu wa Ipinda kutoa asilimia 20 pale ambapo angetoa 40.

WANACHOULIZA MAJAJI

Kila Jumamosi, katika soko la Lyulilo jirani na Matema, vyungu vya akina mama wa Kikisi hushushwa na kupangwa ufukoni. Mnunuzi mzoefu hukigonga chungu kwa kidole asikie mlio kabla ya kutoa fedha. Maswali ya jopo ni kidole hicho, na kwa bidhaa za Kyela yanaweza kutabiriwa.

Swali la kwanza: wewe ni muuzaji au mnunuzi? Linaonekana la kitoto, lakini limewaangusha wengi. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani mwezi Machi, na Desemba ikapita dola 12,000, baada ya magonjwa na hali mbaya ya hewa kupunguza mavuno ya Ivory Coast na Ghana. Katika minada ya Kyela mwaka huo kilo moja ilivuka Sh 20,000. Ilikuwa neema kwa mkulima.

Lakini kijana anayetaka kutengeneza chokoleti au unga wa kakao hapa hapa Kyela ni mnunuzi wa kakao. Tuseme anatumia kilo 200 kwa mwezi. Kilo ikiwa Sh 8,000 anahitaji Sh milioni 1.6. Ikifika Sh 24,000 anahitaji Sh milioni 4.8 kwa mzigo ule ule. Akiwaonyesha majaji bei za 2024 kama ushahidi kuwa biashara yake ni nzuri, amejifunga mwenyewe goli. Mwaka 2025 bei ya dunia iliporomoka. Mkulima aliumia, mtengenezaji akapata nafuu. Mwenye kampuni anatakiwa aonyeshe kuwa anaweza kuishi katika hali zote mbili.

Swali la pili: mali ghafi unaipata kwa njia gani? Kakao ya Kyela huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Vyama vya msingi hukusanya, na wanunuzi hushindana mnadani kwa shehena. Anayehitaji magunia machache aeleze atayapataje bila kuvunja utaratibu. Akijibu kuwa ananunua moja kwa moja shambani, ameliambia jopo kuwa biashara yake inasimama juu ya njemke.

Swali la tatu ni msimu. Mpunga huvunwa kwa mkupuo, ilhali watu hula mchele miezi 12. Nani anabeba gharama ya ghala? Fedha imelala wapi wakati huo? Wengi hueleza faida ya gunia moja na kusahau kuwa gunia hilo limekaa miezi 7.

Swali la nne ni jina. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima, na kwa sababu hiyo katika masoko ya mijini jina hilo huandikwa hata juu ya mchele uliotoka kwingine. Utamthibitishia vipi mteja kuwa wako ni wenyewe? Mwenye jibu la swali hili ana kitu cha kuuza kuliko mwenye mashine mpya.

LINI UTOE HISA NYINGI

Si kila asilimia 40 ni njemke. Mwaka 2007 Levi Roots, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akiuza mchuzi wa pilipili London, aliingia Dragons' Den na gitaa lake akitaka pauni 50,000 kwa asilimia 20. Hesabu zake zilikuwa mbovu. Alitaja oda ya milioni 2.5 kumbe ilikuwa 2,500. Alitoka na pauni 50,000 kwa kutoa asilimia 40.

Lakini mmoja wa walionunua hisa hizo, Peter Jones, alikuwa na mlango wa kuingilia Sainsbury's, moja ya minyororo mikubwa ya maduka Uingereza, na mchuzi ukafika huko. Roots alitoa hisa maradufu akapata soko ambalo peke yake asingelifikia.

Mnunuzi wa njemke huleta fedha tu, na huondoka na mavuno. Mbia huleta fedha pamoja na rafu dukani, gari, mnunuzi wa nje au ujuzi wa kiwanda. Kabla ya kusema ndiyo, muulize jaji: mbali na hizo milioni 10, utafanya nini mwezi wa kwanza? Jibu liandikwe katika mkataba. Makofi hayaandikwi.

KWA MWENYE FEDHA

Wasomaji wetu wenye akiba ndogo nao wanaweza kuwa majaji, hata bila meza. Wajue wanachonunua. Hisa za kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, zina dalali wa kukutafutia mnunuzi. Soko hilo lina pia dirisha la kampuni changa tangu mwaka 2013, ambako Benki ya Maendeleo ilikuwa ya kwanza kuingia. Asilimia 20 ya kampuni binafsi ya Ipinda haina dalali. Ukitaka kutoka, mnunuzi wako pengine ni mwenye kampuni mwenyewe.

Kwa hiyo kagua usajili BRELA, ona daftari la msimu mzima, kubalianeni mapema faida itagawanywa lini na utauza vipi hisa zako. Tena usimkamue mwanzilishi. Aliyebaki na sehemu ndogo ya jasho lake hupunguza jasho, kama vile mkulima aliyekwisha kuuza kakao mtini asivyoamka mapema kupalilia. Hapo anayepoteza ni wewe.

Kwa anayejiandaa kusimama mbele ya jopo msimu huu, ushauri wetu ni huu: nenda na namba tatu ulizoziandika nyumbani kwa utulivu, yaani kiasi unachohitaji, asilimia unayoanzia na asilimia ambayo hutaivuka. Wakikusukuma kupita hiyo ya tatu, washukuru na uondoke. Mnada haufungwi kwa siku moja, na kakao iliyokauka vizuri haiozi kwa kungoja wiki nyingine.