Kusi limeingia Macaloe, na barubaru hataki kurudi shule

Ujumbe wa sauti wa shangazi yangu huanza na jogoo. Zinafuata sekunde kadhaa za upepo, kisha yeye mwenyewe, akiwa ameanza kulalamika kabla hajabonyeza kitufe. Wiki ya kwanza ya Mei zilinifikia jumbe tisa kwa mpigo. Macaloe mtandao haukai. Simu za nyumba mbili tatu hukusanywa, hupewa mtu anayevuka kwenda bara, na huko ndiko jumbe zinakojituma zenyewe.

“Mwanangu, huyu mdogo wako usiku halali, asubuhi haamki. Akiamka hasemi shikamoo. Anafunua sufuria, anafunika sufuria, anauliza: hiki tu?”

Mdogo wangu huyo, binamu yangu kwa mahesabu ya ukoo, ana miaka 16. Jina lake siliandiki, wala la mama yake. Anayeijua Cabo Delgado hataniuliza kwa nini.

Kwa msomaji ambaye safari zake huishia Kilambo au Mtambaswala: Macaloe ni kisiwa kidogo katika safu ya visiwa vya Quirimbas, mbele ya pwani ya wilaya ya Macomia, takriban kilomita 200 kusini mwa Mtwara. Ni mchanga, matumbawe, minazi na mabanda ya wavuvi. Wenyeji ni Wamwani, na Kimwani chao mtu wa Msimbati hukisikia kama Kiswahili kilichokaa juani. Kiswahili kilipopitishwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, Agosti 2019, Dar es Salaam, huko tangazo halikuhitajika. Shangazi alikuwa ameshaolewa huko zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumtafutia mkalimani.

Nilifika mara ya mwisho mwaka 2016. Binamu yangu alikuwa mtoto wa miaka saba aliyenifuata nyuma kila nilikokwenda, akibeba kandambili zangu. Sasa, kwa maelezo ya mama yake, habebi hata kikombe alichonywea chai.

Kule hivi sasa ni tanga mbili. Kaskazi limechoka, kusi halijakaza, mvua za masika zinakatika. Wareno waliacha neno lao kwa majira haya, outono, na kamusi zetu zina mapukutiko, lakini Macaloe hakuna cha kupukutika. Kinachobadilika ni bahari. Maji yanapoa kidogo, asubuhi zinatulia, halafu siku moja mchana upepo unageuka na kila mtu anaacha alichoshika kuutazama. Kusi likikaza, samaki kwenye chanja hukauka upesi, na chombo cha tanga huteleza kwenda kaskazini kama kinachovutwa kwa kamba. Ndipo simu za Mtwara zinapoanza kuita: ng’onda ngapi, pweza mkavu kiasi gani, nahodha nani.

Ndipo pia shule za Msumbiji hufunga muhula wa kwanza. Kisiwani hakuna sekondari, kwa hiyo binamu yangu anakaa Pemba kwa mjomba wake, mtaa wa Paquitequete, ule wa ufukweni ambako maelfu ya watu walishuka na mashua mwishoni mwa 2020 wakikimbia vita. Yeye alikuwa mmoja wao, na mama yake, na dada yake mdogo akiwa mgongoni. Wazazi walirudi kisiwani hali ilipotulia. Yeye walimwacha Pemba asome. Darasa la nane sasa. Likizo ilipofika alipanda boti ya wachuuzi kwenda kuwaona wazazi, na hapo ndipo shughuli ilipoanza, maana likizo imekwisha na yeye hajaondoka.

Nimeomba nielezwe siku yao ilivyo. Shangazi huamka kabla ya adhana, huswali, huwasha moto. Binti wa miaka 11 huenda kisimani, maji yenye chumvi kidogo ambayo wenyewe hawaisikii tena. Baba anakaa kizingitini anashona jarife. Bamvua ikifika, mama na binti hushuka mwambani maji yakitoka, kutafuta pweza na kombe, nyuso zao nyeupe kwa msiro. Huyo mwingine bado kalala. Saa nne anatoka, anaangalia kama simu imejaa chaji kwenye sola ya jirani, anarudi na spika ndogo inayopiga Bongo Fleva. Alasiri, maji yakiwa nje, anacheza mpira mchangani na jezi ya Simba iliyofifia. Jioni anakula ugali wa watu wawili. Usiku anaongea peke yake kwenye simu isiyo na mtandao, anajirekodi ili ujumbe uondoke kesho. Lugha yenyewe ni mseto: Kimwani kwa dada yake, Kireno kwa wenzake wa Pemba, na kwangu Kiswahili cha Dar ambacho hajawahi kukanyaga. Kila kitu kizuri ni “fixe”, ambayo ndiyo “poa” yao.

Hapo sioni la ajabu. Nina mpwa Mikindani wa umri huo huo na jumbe za mama yake ningeweza kuzibadilisha na hizi asigundue mtu, isipokuwa jogoo. Barubaru ni barubaru.

Ila ujumbe wa sita haukuwa wa sufuria. Nahodha mmoja anayebebea mzigo mfanyabiashara wa kwetu Mtwara alimwambia kijana kuna nafasi kwenye boti. Kusi likishika tu, wanapanda. Malipo kwa safari, chakula juu ya chombo. Kijana amekubali. Baba amenyamaza. Shangazi anasema kunyamaza kwa mumewe ndiko kunakomwogopesha, kwa kuwa mgongo wa mzee haumruhusu tena kuvuta nanga, na fedha ya boti moja ni nyingi kuliko ya jarife lake la mwezi.

“Kusi hupeleka,” alisema. “Kurudisha ni kazi ya kaskazi, na kaskazi ni Novemba.”

Boti za mashine hazisubiri upepo, hilo analijua. Anachosema ni kwamba vijana waliopelekwa na kusi miaka ya nyuma hawakurudi muhula wa pili. Wala wa tatu.

Nilimpigia mfanyabiashara mwenyewe. Ni mtu mstaarabu, tunafahamiana, ana watoto. Hakuona kosa lolote, na nilipomuuliza kwa nini anamtaka huyu wakati Msimbati imejaa vijana wanaojua bahari, alinijibu bila kuficha. Huyu anaijua miamba ya kwao. Anaelewana na wavuvi. Na boti ikisimamishwa na askari wa majini, anasimama mbele na kuwaeleza kwa Kireno safi mzigo ni wa nani na unakwenda wapi.

Kireno safi. Basi mjue mnachonunua, ndugu zangu mnaovuka. Kile kinachomtofautisha kijana huyu na vijana wenu wa Msimbati ni darasa la nane. Mngoje miaka minne mingine angekuwa karani wenu wa forodha. Mnamtaka leo awe mkalimani wa boti, na mkishamchukua hamtapata zaidi ya hicho alichokwisha kujifunza. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema waandishi tuna maneno.

Lakini pana jambo lisilochekesha, na nalitaja kwa sababu wengi wanaosoma ukurasa huu hupanga mabaharia kwa simu tu. Tangu mashambulizi yaanze Mocímboa da Praia, Oktoba 5, 2017, kijana wa kiume katika pwani ile hutazamwa kwa macho mawili. Waasi, ambao wenyeji huwaita Mashababi, wamekuwa wakiteka watoto na kuwapa silaha. Waliposhambulia mji wa Macomia, Mei 10, 2024, mashahidi waliliambia shirika la Human Rights Watch kwamba waliwaona wavulana wa miaka kama 13 miongoni mwao. Kwa sababu hiyo askari naye, akimkuta baharini kijana wa miaka 16 bila karatasi, hamwoni mwanafunzi aliye likizo. Upande wetu ni vivyo hivyo. Baada ya kijiji cha Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020, anayeteremka Mtwara bila kitambulisho hana wa kumlaumu akihojiwa siku nzima.

Na sheria yetu ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 haina mzunguko katika hili: aliye chini ya miaka 18 haajiriwi kuwa baharia wa meli. Mtaniambia boti ya ng’onda si meli. Mwambieni hivyo hakimu.

Shangazi hakutaja sheria yoyote. Alichonisimulia ni usiku wa Kenneth. Aprili 25, 2019, tanga mbili kama hii, wakati sisi Mtwara tumeambiwa tukae ndani tukingoja, kimbunga kilipiga pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Pemba. Mtoto alikuwa na miaka 10. Paa la makuti liliondoka lote mara moja, anasema, kama mtu anavyofunua sufuria. Mwanawe alimfunga dada yake mgongoni kwa kanga, akamkalia baba yake miguuni, hakulia mpaka asubuhi. Asubuhi akalia kwa sababu ya mbuzi.

“Huyo ndiye anayeniambia sasa yeye ni mtu mzima,” alisema shangazi. “Nimjibu nini? Siku ile alikuwa mtu mzima kweli.”

Ujumbe wa saba ulikuwa kimya, dakika nzima ya upepo na mchi. Nadhani alibonyeza kwa bahati mbaya. Niliusikiliza wote.

Wa nane ulikuwa wa kijana mwenyewe, kwa sauti ya chini, nadhani ameenda nyuma ya nyumba. “Dada, shikamoo.” (Kwangu anaisema.) Akaniambia mambo ambayo hakumwambia mama yake. Kwamba Pemba darasani wako wengi mno na wengine hukaa chini. Kwamba wenzake humwita mkimbizi ingawa Pemba ni mkoa wake. Kwamba mjomba ni mtu mwema, lakini kila akila huhisi anahesabiwa tonge. Kwamba baba, usiku, akidhani wamelala, hujikanda mgongo mwenyewe kwa mafuta ya nazi na kuguna. “Sasa mimi nikae nisome historia?”

Sikuwa na jibu, na nina shahada.

Aliyepata njia ni shangazi, na njia yenyewe ina ujanja. Alimwambia mwanawe: sawa, nenda. Ila mfanyabiashara yule mstaarabu ameniambia kupitia dada yako kwamba hampokei mtu bila karatasi. Hilo nilikuwa nimelisema mimi, mfanyabiashara alilikubali baadaye, tusilipekue sana. Karatasi za kijana zilipotea 2020 wakati wa kukimbia. Kitambulisho kipya, ile BI yao, kinashughulikiwa Pemba. Kwa hiyo lazima arudi Pemba. Na akiwa Pemba akisubiri, mjomba ana maelekezo yake, na shule iko mtaa wa pili.

Kijana ameujua mtego, bila shaka. Mtu anayeweza kupatana bei kwa lugha tatu hashindwi kumsoma mama yake. Alipanda boti hata hivyo. Dada yake alimbebea spika mpaka majini. Baba, ambaye hakuwa amesema neno wiki mbili, alimpa meticali mia tano zilizokunjwa mara nne, kama shilingi elfu ishirini za kwetu, akamwambia asizimalizie kwenye bando.

Hayo yalikuwa katika ujumbe wa tisa. Nyuma yake jogoo yuleyule, na shangazi akisema nyumba imekuwa kubwa ghafla, na kwamba sufuria sasa inabaki na ukoko ambao hakuna wa kuukwangua.

Jumatano kijana alinipigia mwenyewe kutoka Pemba. Mtandao wa huko ni mzuri, nilisikia hata pikipiki zinazopita. Alikuwa kwenye foleni ya kitambulisho tangu alfajiri na aliambiwa arudi wiki ijayo. Nilimuuliza shule. Akasema muhula umeshafunguliwa. Nikamuuliza kama ameingia darasani. Akasema, “Dada, sola ya wati hamsini hapo Mtwara ni bei gani?”

Nikamuuliza ni ya nini.

“Ya kwa mama. Ili asiwe anachajia kwa jirani. Lakini nikipata tano, nne naziuza.”

Nilimtajia bei. Alinyamaza kidogo, nikamsikia anapiga hesabu kwa Kireno, kwa sauti, akizidisha kwa arobaini na kugawanya. Halafu akasema kengele imelia, atanipigia jioni.